Utalii wa baiskeli wilayani Ngara

Utalii wa baiskeli wilayani Ngara ni safari za kutembelea kwa baiskeli vilima na mabonde ya mito Ruvubu na Kagera, katika kaskazini-magharibi ya Tanzania, pamoja na sehemu za kihistoria zilizomo humo. Sehemu hizo ni pamoja na maporomoko ya Rusumo, eneo la Benaco, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi ya Lukole, misheni za Rulenge na Murgwanza, na boma la Wajerumani mjini Biharamulo, wilaya ya jirani. Wilaya zote mbili ziko katika Mkoa wa Kagera.

Hakuna barabara maalumu za baiskeli katika eneo hili. Msafiri hutumia barabara kuu za lami pamoja na malori, au njia za udongo pamoja na wenyeji ambao kwao baiskeli ni chombo cha kazi. Katika nchi za Alpi huko Ulaya, safari ya namna hii imepangwa kwa miongo kadhaa: kwa mfano njia ya Via Claudia Augusta, inayofuata barabara ya Kirumi iliyokamilishwa wakati wa Kaisari Klaudio katika karne ya 1 BK, huwapeleka waendesha baiskeli kutoka Ujerumani, kupitia mabonde ya Austria, hadi Italia. Ngara ina vilima, mabonde na historia, lakini haina vibao wala ramani za namna hiyo. Kwa sababu hiyo anayeitembelea anapaswa kujua mapema anakwenda kuona nini, kwani sehemu kadhaa muhimu hazina alama yoyote juu ya ardhi.

Jiografia

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi upande wa magharibi. Ardhi yake ni ya vilima virefu vyenye migongo mipana, vilivyotenganishwa na mabonde yenye vinamasi na mafunjo. Sehemu kubwa ya wilaya iko kati ya mita 1,200 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Ngara umejengwa juu ya vilima, ilhali Rusumo iko chini bondeni. Anayetoka mtoni kwenda mjini hupanda karibu mita 500, tena si kwa mpando mmoja, bali kwa kupanda na kushuka mara nyingi.

Mito miwili ndiyo inayolipa eneo hili umbo lake. Ruvubu hutoka Burundi, huingia Ngara na kuelekea kaskazini. Nyabarongo hutoka Rwanda, hupokea maji ya Akanyaru na kupita karibu na Ziwa Rweru. Kuanzia hapo huitwa Kagera (Akagera kwa Kinyarwanda). Mito hiyo hukutana karibu na Rusumo, kisha Kagera huelekea kaskazini ikiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, hugeukia mashariki na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria (Nyanza).

Mvua hunyesha katika misimu miwili: vuli, kuanzia mnamo Septemba au Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia mnamo Februari au Machi hadi Mei. Kiangazi kirefu ni Juni hadi Agosti. Wakati wa masika udongo mwekundu wa njia za vijijini hugeuka tope zito linalojaa kati ya tairi na fremu hata gurudumu likashindwa kuzunguka. Wakati wa kiangazi shida ni vumbi.

Kwa kuwa Ngara iko mbali upande wa magharibi wa nchi, lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam, jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kutua karibu saa 1 jioni. Ng'ambo ya mto, Rwanda na Burundi ziko nyuma kwa saa moja.

Wakazi

Wenyeji wa Ngara ni hasa Wahangaza na Washubi. Kihangaza na Kishubi ni lugha za Kibantu zilizo karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda, hivyo watu wa pande zote za mpaka huelewana bila shida kubwa. Kabla ya ukoloni eneo hili lilikuwa na himaya mbili ndogo, Bugufi na Bushubi. Bugufi ilikuwa na uhusiano wa karibu na ufalme wa Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani liligawanywa: Ubelgiji ilipewa Ruanda-Urundi, na Uingereza ikapewa Tanganyika, Bugufi ikiwa ndani yake. Mwaka 1934 Uingereza na Ubelgiji zilitia sahihi mkataba kuhusu mpaka wa Tanganyika na Ruanda-Urundi.

Wakazi wengi ni wakulima wa migomba, maharage, mahindi, mihogo na kahawa. Baadhi hufuga ng'ombe na mbuzi.

Baiskeli katika maisha ya wenyeji

Mgeni anayefika Ngara na baiskeli hakuleta kitu kigeni. Baiskeli ya chuma isiyo na gia, yenye keria pana nyuma, hubeba mikungu ya ndizi, madumu ya maji, magunia ya mkaa, kreti za soda na abiria. Inatengenezwa na mafundi walio chini ya mti au kando ya duka, ambao wana pampu, solusheni, viraka na spoku za kuuza.

Vilima vinaeleza kwa nini baiskeli hiyo husukumwa mara nyingi kuliko kuendeshwa. Kazi ya kupanda hutegemea uzito na kimo. Mtu na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 85 wanahitaji kama kilojuli 83 kupanda kila mita 100 za kimo. Mwendeshaji wa kawaida anayetoa nguvu ya wati 100 atatumia dakika 14 hivi kwa kimo hicho, bila kuhesabu msuguano wa barabara. Baiskeli iliyobeba ndizi, ikiwa na jumla ya kilo 180 pamoja na mwenyewe, inahitaji zaidi ya mara mbili ya kazi hiyo, yaani karibu nusu saa kwa nguvu ileile. Bila gia nyepesi miguu haiwezi kuzungusha pedeli polepole kiasi hicho kwenye mpando mkali, na baiskeli huanguka. Hivyo mwenye mzigo hushuka, hushika usukani kwa mkono mmoja na mzigo kwa mwingine, akasukuma.

Kushuka kuna hatari zaidi kuliko kupanda. Sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa wakati wa kupanda hurudi kama joto katika breki. Breki za mpira zinazobana rimu huipasha moto, na kwenye mteremko mrefu joto hilo laweza kupasua tyubu au kuyeyusha kiraka. Wenyeji wenye mizigo hupunguza mwendo tangu mwanzo wa mteremko, na wengine huongeza breki ya kisigino cha kandambili juu ya tairi. Msafiri mwenye mizigo anafaa kubana breki kwa vipindi badala ya kuzishikilia mfululizo, na kusimama katikati ya mteremko ili rimu zipoe.

Tangu miaka ya 2000 pikipiki, yaani bodaboda, zimechukua sehemu kubwa ya usafirishaji wa abiria. Jina lenyewe lilianza na baiskeli: katika mpaka wa Kenya na Uganda, hasa Busia, waendesha baiskeli waliwavusha watu kutoka kituo kimoja cha mpakani hadi kingine wakiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka.

Sehemu za kihistoria

Rusumo

Maporomoko ya Rusumo yako katika mto Kagera, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, muda mfupi baada ya makutano na Ruvubu. Kimo chake ni mita 15 hivi. Si marefu, lakini mto mzima hupita katika mlango mwembamba wa miamba na sauti yake husikika kabla ya kuonekana. Kwa kuwa juu na chini ya hapo mto umezungukwa na vinamasi vipana, Rusumo imekuwa mahali pa kuvukia tangu zamani.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyeanza safari yake Pangani mwishoni mwa mwaka 1893, alivuka hapa kuingia Rwanda. Alikutana na mwami Kigeli IV Rwabugiri, akaendelea hadi Ziwa Kivu na kutokea pwani ya Atlantiki. Miaka miwili kabla yake Oscar Baumann, raia wa Austria, alikuwa ameingia Burundi kutoka upande huu wa Kagera. Götzen alirudi Afrika ya Mashariki kama gavana mwaka 1901, na ndiye aliyekuwa madarakani wakati wa vita vya Majimaji.

Rusumo ina nafasi pia katika swali la zamani la chanzo cha mto Naili. Kagera ni mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Viktoria, kwa hiyo watafiti walitaka kujua chanzo chake. Mwaka 1898 Mjerumani Richard Kandt alilinganisha mito miwili kwenye makutano haya, akaifuata Nyabarongo hadi kijito cha Rukarara nchini Rwanda. Mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alitaja chemchemi ya Rutovu nchini Burundi, ambayo maji yake huja kwa njia ya Ruvubu na ni chanzo cha kusini kabisa. Rwanda na Burundi kila moja huonyesha chanzo chake kwa watalii. Anayesimama darajani Rusumo huona maji ya vyanzo vyote viwili yakiwa yamekwisha kuchanganyika.

Daraja la njia moja lilijengwa hapa mwaka 1972. Daraja jipya la njia mbili lilijengwa pembeni yake kwa msaada wa Japani, na tarehe 6 Aprili 2016 marais John Magufuli na Paul Kagame walilizindua pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani. Katika maporomoko hayohayo kumejengwa kituo cha umeme wa maji chenye uwezo wa megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawasawa.

Benaco

Benaco iko kilomita 20 hivi kutoka Rusumo, kwenye njia panda ya barabara za Rwanda na Burundi. Jina lake si la Kihangaza: lilitokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi iliyokuwa na kambi yake hapo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wiki tatu baada ya kuanza kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokuwa wakikimbia jeshi la RPF lililokaribia mpaka. Waliwekwa Benaco, penye bwawa la maji, na kwa siku chache kambi hiyo ikawa kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Baadaye kambi nyingine zilifunguliwa karibu, kama vile Lumasi na Musuhura. Wakati huohuo maiti za waliouawa zilichukuliwa na mto Kagera kupita chini ya daraja hilo hilo hadi Ziwa Viktoria. Nyingi zilizikwa na Waganda kwenye fukwe za upande wao, ambako leo kuna makaburi ya kumbukumbu.

Benaco ni mahali pagumu kueleza kwa sentensi moja. Ndani yake walikuwemo watoto, wazee na wakulima wasio na hatia. Walikuwemo pia watu walioongoza mauaji. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa wilaya ya Rusumo upande wa Rwanda, ambako maelfu waliuawa katika kanisa la Nyarubuye, alivuka na watu wake na kukaa Benaco. Alikamatwa Kigoma mwaka 2001. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu miaka 30 jela mwaka 2004, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikaiongeza kuwa kifungo cha maisha. Kwa sababu ya mchanganyiko huo baadhi ya mashirika ya misaada, likiwemo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka, yaliondoka kambini mwishoni mwa mwaka 1994 yakisema misaada ilikuwa ikiwapa nguvu wauaji.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) walitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kufikia mwisho wa mwezi. Makundi makubwa yalijaribu kwanza kukimbilia ndani ya Tanzania, yakazuiwa na askari na kugeuzwa kuelekea Rusumo. Watu wapatao 480,000 walirudi. Kama kurudi huko kulikuwa kwa hiari ni jambo ambalo bado linajadiliwa. Picha za mwaka 1994 na 1996 zinaonyesha barabara hii imejaa watu toka ukingo hadi ukingo, na kati yao baiskeli zinazosukumwa zikiwa zimebeba magodoro, madumu na watoto: kilima kilekile anachopanda mtalii wa leo.

Siku hizi Benaco ni kituo cha malori chenye nyumba za kulala wageni, mama lishe, vituo vya mafuta na mafundi.

Lukole

Lukole iko upande wa mashariki wa wilaya ya Ngara, kuelekea Biharamulo. Kambi yake ilikuwa ya Warundi. Baada ya rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mapigano yaliwasukuma Warundi wengi kuingia Tanzania, na Wanyarwanda walipoondoka mwaka 1996 Lukole ndiyo iliyobaki kuwa kambi kuu ya Ngara. Iligawanyika katika Lukole A na Lukole B, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na wakazi wapatao 100,000, yaani watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati huo.

Ilikuwa mji kwa kila hali isipokuwa uhuru. Ilikuwa na mitaa iliyonyooka, masoko, shule, hospitali, makanisa, vinyozi na vilabu vya pombe. Lakini wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali, na hivyo hawakuweza kisheria kulima mashamba ya mbali au kufanya kazi vijijini, ingawa wengi walifanya hivyo. Mwanaanthropolojia Simon Turner kutoka Denmark, aliyefanya utafiti Lukole katika miaka ya 1990, aliandika kitabu kizima kuhusu maisha na siasa za kambi hii, kilichotolewa mwaka 2010. Radio Kwizera ilianzishwa mjini Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ili kuwafikia wakimbizi na wenyeji pia.

Kwa wenyeji kambi ilikuwa na pande mbili. Soko la ndizi na maharage lilikua, barabara zilitengenezwa, visima vilichimbwa na hospitali ya Murgwanza ilipata misaada. Kwa upande mwingine misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni na miti ya kujengea, wizi wa mazao na ujambazi wa silaha uliongezeka, na barabara za misituni upande wa Biharamulo zikawa mahali ambapo magari yalipita kwa msafara wa polisi.

Mkataba wa Amani wa Arusha kuhusu Burundi, uliosimamiwa kwanza na Julius Nyerere na baada ya kifo chake na Nelson Mandela, ulitiwa sahihi Agosti 2000. Kuanzia mwaka 2002 Warundi walianza kurudi kwao kwa mpango, na kambi ya Lukole ilifungwa mwaka 2008. Sensa zinaonyesha ukubwa wa badiliko hilo: wilaya ya Ngara ilikuwa na watu 334,939 mwaka 2002, na watu 320,056 mwaka 2012. Katika nchi ambayo idadi ya watu iliongezeka karibu kila mahali, Ngara ilipungukiwa, na kuondoka kwa wakimbizi ni sababu kubwa ya upungufu huo.

Nyumba za kambi zilikuwa za miti, udongo na maturubai, kwa hiyo hazikuacha magofu kama mawe ya Kilwa au Gedi. Nyasi zimeota. Mtu asiyejua historia atapita akidhani ni mbuga tu. Hata hivyo watu walizaliwa hapa, walisoma hapa na kuzikwa hapa, na wako watu wazima wa Burundi ambao wakiulizwa mahali pa kuzaliwa hutaja Lukole.

Rulenge na Murgwanza

Rulenge, upande wa Bushubi, ilikuwa makao ya jimbo Katoliki lenye jina hilo tangu mwaka 1960. Sasa jimbo linaitwa Rulenge-Ngara. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza kuanzia mwaka 1969 hadi 1996, alijulikana kwa kuunga mkono siasa ya Ujamaa kwa vitendo: alikwenda kuishi na kufanya kazi pamoja na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa. Murgwanza, karibu na mji wa Ngara, ni misheni ya Kianglikana yenye hospitali na makao ya Dayosisi ya Kagera.

Karibu miaka ya 1960 wakimbizi wa kwanza kutoka Rwanda, Watutsi waliofukuzwa na vurugu zilizoanza mwaka 1959, walipewa makazi Muyenzi, wilayani Ngara. Hivyo historia ya ukimbizi hapa ni ndefu kuliko Benaco, na waliokimbia hawakuwa wa upande mmoja.

Biharamulo

Mjini Biharamulo kuna boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 juu ya kilima kinachotazama mji. Eneo hili lilikuwa sehemu ya himaya ya Rusubi, iliyoitwa Usui na wasafiri wa pwani. John Hanning Speke na James Augustus Grant walipita Usui mwaka 1861 wakielekea Karagwe, na walicheleweshwa kwa muda mrefu na madai ya hongo ya njia.

Njia

Barabara kuu ya lami kutoka Rusumo hadi Lusahunga ina urefu wa kilomita 91 hivi, na tawi la Nyakasanza hadi Kobero, mpakani mwa Burundi, lina kilomita 59 hivi. Msafiri mwenye afya ya kawaida anaweza kupanga safari ya siku nne au tano:

Siku ya kwanza: Rusumo hadi Benaco. Ni fupi, lakini ni ya kupanda. Asubuhi hutumika kuona maporomoko.

Siku ya pili: Benaco hadi Lukole na kurudi, kwa njia za udongo. Mwenyeji wa kuongoza ni wa lazima, kwa kuwa hakuna kibao, na njia za vijijini hugawanyika mara nyingi.

Siku ya tatu: Benaco hadi mji wa Ngara, kupitia migongo ya vilima yenye mandhari ya bonde la Ruvubu na vilima vya Burundi.

Siku ya nne: ama Rulenge, ama Kabanga karibu na mpaka wa Burundi, eneo linalojulikana pia kwa akiba kubwa ya nikeli.

Siku ya tano: kurudi barabara kuu na kuelekea Lusahunga na Biharamulo. Wengi hupakia baiskeli juu ya basi kwa sehemu hii, kwa sababu ya urefu na upweke wa barabara.

Wasafiri wa masafa marefu wanaovuka bara zima kwa baiskeli pia hupita upande huu. Tour d'Afrique, safari ya kila mwaka kutoka Kairo hadi Cape Town iliyoanza mwaka 2003, imepitia Rwanda na magharibi ya Tanzania katika baadhi ya miaka. Upande wa Rwanda baiskeli imepata heshima kubwa: mbio za Tour du Rwanda zilianza mwaka 1988, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya mbio za barabarani.

Usalama na taratibu

Hatari kubwa ya kila siku ni malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura. Tanzania huendesha kushoto, Rwanda na Burundi kulia. Anayevuka daraja la Rusumo au mpaka wa Kobero hubadili upande. Kioo cha nyuma, nguo za rangi kali na taa ni vitu vya maana kuliko gia nyingi. Akisikia lori nyuma kwenye kona nyembamba, mwenye baiskeli anafaa kutoka barabarani kabisa, kama wenyeji wafanyavyo. Kutembea usiku hakushauriwi.

Eneo ni la mpakani, hivyo hati ya kusafiria au kitambulisho kiwe mkononi, na msafiri ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji anapotaka kulala nje ya mji. Madaraja, vituo vya mpaka na kituo cha umeme visipigwe picha bila ruhusa. Kuvuka Ruvubu au Kagera kwa mtumbwi kwenda nchi ya pili bila kupitia kituo cha uhamiaji ni kosa, hata kama wenyeji hufanya hivyo kwenda kuwaona ndugu. Mito ina viboko na mamba.

Kwa vipuri, tairi na tyubu za kipimo cha inchi 28 cha baiskeli za kazi hupatikana karibu kila soko. Vipimo vingine, gia na breki za diski havipatikani kwa urahisi, kwa hiyo msafiri hubeba vyake.

Heshima kwa sehemu za kumbukumbu

Kutembelea mahali pa mateso si sawa na kutembelea maporomoko. Huko Nyarubuye, upande wa Rwanda, kuna jengo la kumbukumbu na watu wa kueleza. Benaco na Lukole hakuna. Anayeuliza habari hukutana na watu waliogawana maji na kuni na wageni kwa miaka 15, waliopoteza miti na mbuzi, na waliopata ajira na marafiki. Si haki kuwataka wasimulie upande mmoja tu. Vilevile baadhi ya wakazi wana asili ya ng'ambo, na swali la kawaida la mtalii kuhusu kabila au mahali mtu alipotoka linaweza kuwatia hofu. Desturi njema ni kusalimu, kununua kitu, kukaa, na kusubiri mwenyeji aanze mwenyewe.

Tazama pia

Wilaya ya Ngara
Wilaya ya Biharamulo
Mto Kagera
Mto Ruvubu
Maporomoko ya Rusumo
Mauaji ya kimbari ya Rwanda
Baiskeli